Miguu Waliyoikataa

Baada yangu mimi, mtu wa kwanza kumsikia mwanangu akicheza tumboni alikuwa mama mkwe wangu. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Alikuwa ametoka Nyangezi na mkungu wa ndizi, akapanda kilima chetu cha Kadutu kwa miguu, akafika amelowa jasho. Kabla hajanywa maji aliweka kiganja chake juu ya tumbo langu, akafumba macho, akatulia kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani nyuma ya ukuta. Mtoto akapiga teke. Mama mkwe akacheka mpaka nikaona mapengo ya meno yake ya nyuma.

"Iko mwanaume," akasema. "Mwanamuke hapigake hivi. Ni bwana yangu njo anarudia."

Bwana yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Tangu siku ile mtoto wangu aliitwa kwa jina la babu yake, akiwa bado tumboni. Mama mkwe alimsalimia asubuhi kwa jina hilo, na kila nilipotapika alimkaripia kwa jina hilo. Mume wangu, mtoto wake wa mwisho, alikuwa Luhwindja kwenye mashimo ya dhahabu, na alishuka mjini mara moja kila miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo aliyebaki kwangu akanitunza ni mama yake. Alinisindikiza kupima mimba. Alinikataza kubeba bidoni ya maji. Alinipikia sombe, majani ya muhogo, kila nilipoitamani, hata asubuhi, na jioni alinikanda miguu iliyovimba huku akinisimulia jinsi alivyozaa watoto wanane bila kulia hata mara moja.

Nasema haya ili ieleweke vizuri. Hakuwa mbaya kwangu. Angekuwa mbaya tangu mwanzo, nisingemchukia vile nilivyokuja kumchukia.

Mtoto alizaliwa mchana wa mvua, akalia mara moja kwa sauti nzito. Mkunga alinionyesha uso wake, nikaona paji la mume wangu limewekwa pale kama mhuri. Akamfunga kwa kitambaa, akafungua mlango, na mama mkwe akaingia akipiga vigelegele. Alimpokea. Akafanya kama wanavyofanya wamama wote wa kwetu: akafungua kitambaa ili amwone mjukuu wake mzima mzima.

Vigelegele vikakatika.

Miguu yote miwili ilikuwa imepinda kwa ndani. Nyayo zilitazamana kama viganja vya mtu anayesali. Mkunga alikuwa bado hajaniambia. Nadhani alikuwa anatafuta maneno.

Mama mkwe aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akamfunika kwa kile kitambaa, akamlaza mtoto mwishoni mwa kitanda, karibu na miguu yangu, si mikononi mwangu.

"Kwetu hatuzalake hivi," akasema.

"Maman, iko mutoto yenu."

"Hii haiko ya kwetu. Uliza kwenu."

Kulikuwa na kitenge kipya kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa amekinunua yeye mwenyewe, cha rangi ya kijani na ndege wa njano, cha kumbebea mtoto siku ya kutoka maternite. Akakichukua. Akakikunja mara nne, taratibu, akakitia ndani ya kikapu chake, akatoka. Mtoto alikuwa na umri wa nusu saa, na tayari alikuwa amenyang'anywa kitu.

Siku ya tatu nilimpigia mume wangu simu. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote.

"Maman anasema tungojee kwanza na jina," akaniambia.

"Tungojee nini?"

"Tuone kwanza kama..."

"Kama nini? Kama itakufa?"

Nilisikia mashine za kusaga mawe nyuma yake, na watu wakiitana. Halafu simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni kidole chake.

Baba yangu alifika siku hiyohiyo kutoka Mudaka, na kuku mmoja ndani ya mfuko. Yeye ni mlimaji wa maharagwe, si mtu wa maneno. Nilimfungulia kitambaa mwenyewe, nikamwonyesha miguu, nikingojea.

"Inanyonya?" akauliza.

"Inanyonya."

"Basi."

Akamchukua, akaketi naye kwenye kiti cha mbao mpaka mtoto akalala kifuani mwake. Asubuhi yake muuguzi alipita na karte za watoto, akaniuliza jina la mwanangu. Nikatoa jina la baba yangu. Nililitamka herufi kwa herufi ili asikosee. Na kalamu ilipokuwa inaandika nilijiapia kitu kimoja: huyu mtoto atatembea, atatembea mbele ya yule mama, naye siku hiyo atakosa mahali pa kuficha uso wake. Sikumwomba Mungu lolote juu ya jambo hilo. Niliona ni kazi yangu.

Mkunga ndiye aliyenieleza kwamba miguu ya namna ile inatibika, bora mtoto aletwe mapema. Akanielekeza kwa mama mmoja anayenyoosha viungo vya watoto, ng'ambo ya mji, chini karibu na ziwa. Watu wote walimwita Mama Kine. Alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilikuwa virefu na baridi. Alishika mguu wa mwanangu wa wiki tatu kama mtu anayeshika yai, akausukuma nje kidogo tu, akaushikilia pale, na msaidizi wake akaanza kuzungusha bende zilizolowa za plasta. Mtoto alipiga kelele. Plasta ikakauka, nyeupe na nzito, kutoka vidoleni mpaka juu ya mapaja.

"Wiki ijayo tunatoa, tunasukuma kidogo tena, tunafunga tena," akasema. "Tutafanya hivyo mara sita, labda saba. Usikose hata wiki moja, Maman."

"Siwezi kukosa."

"Wote wanasemaka hivyo."

"Mimi niko na sababu."

Akaandika tarehe ya wiki ijayo kwenye karte ya mtoto.

Mtu asiyejua Bukavu hajui maana ya kushuka na kupanda na mtoto mwenye plasta mgongoni. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unakuwa sabuni. Nilitembea nimeshika kuta za watu. Plasta zilinipiga mbavuni kila hatua, kushoto, kulia. Wanawake kwenye meza za nyanya waliacha kupanga nyanya zao ili watazame. Mmoja aliniuliza nani amemroga. Nikamjibu kwamba ni bibi yake, na nikaona raha kusema hivyo. Habari ya Kadutu hufika Nyangezi kabla ya gari, nilijua itamfikia.

Katika wiki ya sita ya maisha yake, mwanangu alitabasamu. Si lile tabasamu la usingizini. Alikuwa amelala kwenye meza ya Mama Kine, miguu yote ndani ya plasta, akamkazia macho yule mama mwembamba, mdomo ukafunguka, na uso mzima ukawaka. Mama Kine akaacha kazi.

"Angalia! Kabla ya kunyooka miguu, ananyoosha mdomo!"

Nilicheka pamoja nao. Lakini ndani yangu kulikuwa na sauti nyingine iliyosema: moja. Yule mama wa Nyangezi amekosa moja. Nikaanza kuhesabu hivyo. Aliposhika shingo mwenyewe, mbili. Alipofuata kwa macho mshumaa niliokuwa nauhamisha, tatu. Kila alichojifunza nilikiweka pembeni kama mtu anayelundika mawe kabla ya ugomvi. Hata kunyonyesha kulikuwa na hasira ndani yake. Nilikula bila hamu, sahani baada ya sahani, ili maziwa yasipungue, ili anenepe, ili siku atakapoonekana aonekane vizuri.

Baada ya plasta ya mwisho miguu ilitoka imenyooka. Nyekundu, myembamba, na ngozi inabanduka, lakini nyayo zilitazama chini kama za watu wote. Nililia pale mezani. Mama Kine hakulia. Alileta viatu viwili vidogo vya ngozi vilivyofungwa kwenye chuma kimoja, kimoja huku na kingine kule, vidole vinatazama nje.

"Sikia vizuri," akasema. "Mguu huu una kumbukumbu. Ukiuacha, unarudi kule ulikotoka. Miezi mitatu ya kwanza atavaa hivi muchana na usiku. Saa moja tu kwa siku unatoa, unamuosha, unarudisha. Kiisha hapo, ni wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka mine."

"Nimesikia."

Nilisikia, kweli. Na bado nikafanya nilichofanya.

Mtoto alikuwa amekaribia miezi minne, na alikuwa na wiki sita tu ndani ya vile vyuma, wakati mtoto wa dada wa mume wangu alipopata komunyo ya kwanza. Sikukuu ilikuwa Nyangezi, nyumbani kwa mama mkwe. Hakuna aliyenialika. Nilisikia kwa mume wangu, aliyesema kwa aibu kwamba yeye ataenda. Nikamwambia nami nitaenda.

Asubuhi ya sikukuu nilimwosha mtoto, nikampaka mafuta, nikamvika soksi nyeupe na sandali ndogo za wazi. Vile viatu vya chuma vilikuwa juu ya meza. Niliviangalia. Nikaona jinsi vitakavyowaingia kichwani, jinsi watakavyosema: bado ni kilema, amefungwa kama mbuzi. Nikaviacha pale, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda kutafuta gari ya Nyangezi.

Niliingia uani watu wakiwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai la shitingi, na kasiksi, pombe ya ndizi, imekwisha kuanza kuzunguka. Kelele zilipungua. Nilipita katikati, moja kwa moja, mpaka mbele ya mama mkwe. Nikamvua mtoto sandali na soksi, kwanza mguu wa kulia, halafu wa kushoto, nikamweka juu ya mapaja yake.

"Maman, nimekuletea salamu," nikasema.

Nilikuwa nimengojea uso wake kwa miezi minne. Nilikuwa nimeuota: utaanguka, utakauka, atatazama chini. Alishika ile miguu, akaigeuza, akabonyeza nyayo kwa vidole gumba. Kisha akainua macho kwa wageni wake, na machozi yakamtoka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Munaona? Rozari yangu imesikiwa! Kila siku niliombea hii miguu!"

Watu wakapiga makofi. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani. Nilisimama pale na soksi mkononi.

Ningeondoka saa ileile, mambo mengi yangekuwa tofauti. Lakini alikuwa ameniibia, na mimi nilitaka kurudishiwa changu. Nilikaa. Nilisema nitakaa mpaka kesho, halafu nikakaa tena. Mume wangu alifurahi. Alikuwa anamwona mwanawe kwa mara ya pili tu, alimtupa juu na kumdaka, naye mtoto alijifunza pale kucheka kwa sauti, kicheko cha tumboni. Nilikuwa nangojea mmoja wao, mmoja tu, aseme: "Tulikukosea." Walikuja mashangazi, walikuja majirani, wote wakashika miguu, wote wakasifu rozari. Nilikaa siku tisa. Hakuna aliyenifunga kamba. Vyuma vilikuwa Kadutu, juu ya meza.

Siku ya kumi, nyumbani, nilijaribu kumvalisha. Mguu wa kushoto uliingia kwa taabu. Kisigino cha kulia kilikataa kabisa kushuka. Nilisukuma, mtoto akalia kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu plasta ya kwanza. Nikaacha kusukuma. Nikauangalia ule unyayo. Ulikuwa umeanza, kidogo, kutazama ndani.

Mama Kine alijua kabla sijafungua mdomo.

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Ju ya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu kile kitenge cha ndege wa njano mpaka rozari. Nilidhani atanihurumia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa juu ya goti la mtoto.

"Maman," akasema, "mutoto haiko fimbo ya kupigia batu."

Akamwita msaidizi alete bende. Tulirudia plasta nne. Nilimshikilia mwanangu mabega wakati anafungwa, na safari hii sikuweza kusema kwamba aliyemliza ni mtu wa Nyangezi.

Mtu angedhani hapo nilijifunza kusamehe. La. Niliongeza jina langu kwenye orodha ya wenye makosa, nikamwacha mama mkwe palepale juu. Kilichobadilika ni kimoja: niliacha kuwa na haraka. Nilielewa kwamba kisasi cha haraka kilikuwa kinamlipisha mtoto. Basi nikakaa chini, nikangojea kama mtu aliyepanda mihogo.

Na kungojea kule kulinilazimisha kumwangalia mwanangu vizuri. Alijifunza kugeuka na kulalia tumbo akiwa na vyuma miguuni, kwa akili: alirusha miguu yote miwili pamoja upande mmoja, na mwili ukafuata. Alikaa mwenyewe akiwa na miezi minane, chuma kikimshikilia kama mguu wa tatu. Kufikia hapo ilikuwa ni kwa usingizi tu, lakini mara nyingi aliamka kutoka usingizi wa mchana na kuanza kutambaa kabla sijamvua, na chuma kiligonga sementi, ko, ko, ko, hivyo nilijua yuko chumba gani bila kuangalia. Alianza kunililia nikitoka tu mlangoni, hata nikienda kuanika nguo. Nilipojificha uso na kitenge alinitafuta kwa mikono miwili, na akinipata alishangaa upya kila mara, kana kwamba nilikuwa nimeondoka kweli. Neno lake la kwanza lilikuwa "mai". Maji. Alilitumia kwa maji, kwa uji, kwa mvua, na kwa ziwa tulipolipita.

Wa umri wake pale mtaani walikuwa wanakimbia, yeye bado anasimama ameshika meza. Miezi kumi na mbili ikapita. Kumi na nne. Nilianza kuamka na woga. Mama Kine alinikataza kumvuta mikono. "Wacha aamue mwenyewe. Miguu iko tayari. Ni kichwa njo inangojea."

Alitembea Mudaka, kwa baba yangu, akiwa na miezi kumi na saba. Mzee alikuwa anapukuchua maharagwe juu ya mkeka. Mwanangu alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Aliona maganda yanaruka, akayataka, akaachilia nguzo. Hatua moja, mbili, akayumba, mikono juu, tatu, nne, akaanguka ndani ya maharagwe. Baba yangu hakupiga kelele. Alimsimamisha, akamrudisha kwenye nguzo, akarudi kuketi mkekani. Naye akaja tena. Tulifanya hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya migomba, na maharagwe yakasambaa uwanja mzima.

Ni wakati wa kula tu ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimemfikiria mama mkwe tangu mchana. Nikakasirika. Niliona kama nimemsahau mtu aliyenikosea kwenye mlango wa hukumu yake.

Walikuja wenyewe. Mwanangu alikuwa amepita miaka miwili, umri ule ambao jibu la kila kitu ni "hapana" na kila kitu ni "yangu". Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mama mkwe, mume wangu, na kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, mzee mwenye kofia. Walikuwa na mbuzi kwa kamba. Niliwapa viti, niliwapa fanta, nikakaa.

Mzee alisafisha koo. "Tumekuja kunyoosha jina ya mutoto," akasema. "Jina iliharibika kidogo. Mutoto huyu iko wa kwetu, anapashwa kuwa na jina ya babu yake. Na koko yake, mama wa bwana yako, anamutaka Nyangezi, akomalie na kukua kule."

Waliikataa miguu iliyopinda, sasa wanakuja kunyoosha jina. Sauti yangu ilikuwa tulivu. Nilikuwa nimefanya nayo mazoezi kwa miaka miwili.

"Hakuna shida, Papa," nikasema. "Mutoto mwenyewe iko pale inje. Maman amuite kwa ile jina. Akikuja, jina iko yake."

Mwanangu alikuwa uani, amechuchumaa juu ya dimbwi, anapiga maji kwa kijiko. Mama mkwe akasimama mlangoni. Akaita jina la bwana yake. Mtoto hakugeuka. Akaita tena, kwa sauti tamu, ileile aliyotumia alipokuwa anasalimia tumbo langu asubuhi. Kijiko kikaendelea kupiga maji. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati ya jina, na nilijua kwa nini: tangu bwana yake afariki hakuwa na mtu wa kuliitikia.

Nikamwacha anyamaze kabisa. Ndipo nikaita, si kwa nguvu, jina la baba yangu.

Mtoto akageuka. Akasimama, akaja mbio, miguu mitupu, matope mpaka magotini, mbio kabisa, akapita mbele ya mbuzi, akapita mbele ya bibi yake, akagonga magoti yangu.

Mama mkwe akainama. "Weye unaitwa nani?" akamuuliza polepole.

Mwanangu akajipiga kifua na kijiko, akataja jina lake. Alilikata silabi moja, kama alivyokuwa anafanya wakati ule, lakini hakuna mtu ndani ya nyumba ambaye hakulielewa.

Mzee mwenye kofia akaangalia fanta yake. Mume wangu akafunika uso kwa mkono. Na mama mkwe, basi, nikapata ule uso. Ulikuwa hasa kama nilivyouota. Nisiseme uongo: nilishiba.

Walipoinuka kwenda, aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumbeba mtoto mpaka barabarani tu, pale gari zinaposimama.

"Hapana, Maman," nikamjibu. "Iko na miguu."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa hesabu na kuiona ni sahihi. Wakapanda ngazi za mtaa, yeye mbele, mwanangu nyuma yake akipanda kila ngazi kwa miguu yote miwili, akikataa mkono wa kila mtu kwa "hapana" yake. Mbuzi nilimrudisha pamoja nao.

Mume wangu hakupanda gari. Alirudi nami nyumbani, akasimama katikati ya chumba bila kujua akae wapi. Nilimnyooshea viatu vya chuma. "Mutoto anataka kulala. Muvalishe." Hakujua hata pa kuanzia. Nilimfundisha: kisigino chini kwanza, ulimi wa kiatu, mkanda wa katikati kabla ya mingine. Alikosea mara tano, na mara zote tano nilifungua na kumwambia aanze upya, na mtoto akimpiga mateke usoni. Sikumsaidia. Siku hizi akishuka kutoka Luhwindja anavalisha yeye, bila kuambiwa, na anaweza kufanya hivyo huku anaongea na simu.

Mama mkwe amezeeka. Huja kwetu karibu na Noeli, huita mtoto kwa jina lake la kweli, na mtoto humletea kiti. Sijamkataza. Kwaresima iliyopita nilienda kuungama. Nilimwambia padri juu ya zile siku tisa za Nyangezi, nikalia, akaniondolea. Akauliza kama kuna jambo lingine. Nikafikiria ule uso mlangoni, na zile ngazi.

"Hakuna, mon Père," nikasema, nikatoka nje kwenye jua.